Urembo wa Mwanamke wa Lubumbashi: Mwongozo Kamili, Kuanzia Rasta hadi Kisu cha Daktari

Jumamosi ukipita saluni za Katuba au zile za karibu na soko la Kenya, utakuta viti vimejaa tangu asubuhi. Mmoja anasukwa kwa ajili ya mahari ya mdogo wake, mwingine anaanza kazi Jumatatu, mwingine ametoka kujifungua na anataka kujiona tena kwenye kioo. Ninayapenda mambo haya, na sitamwambia mwanamke yeyote aache kujipamba. Ninachotaka ni kila mmoja ajue, kabla ya kukaa kwenye kiti cha saluni au kulala kwenye meza ya daktari, kipi kikiharibika kitarudi na kipi hakitarudi. Nywele iliyokatika itaota. Mzizi wa nywele uliokufa hauoti tena. Ngozi iliyopauka kwa baridi ya Juni hupona kwa mafuta, lakini ngozi iliyounguzwa na dawa za kung'arisha kwa miaka mingi mara nyingi hubaki na alama. Kisu nacho kikishapita, kimepita. Ndiyo maana nimeanza na yale yanayorekebishika na kumalizia na yale yasiyorekebishika.

Hatua ya kwanza: mtindo rahisi wa nyumbani

Kwa wiki ambazo huna pesa ya saluni, au kichwa kinahitaji kupumzika, mtindo unaofaa kuliko yote ni ule wa bibi zetu: kufunga nywele kwa uzi. Haugharimu kitu, hauhitaji moto, na hunyoosha nywele vizuri kuliko wengi wanavyodhani.

Osha nywele, ziache zikauke hadi zibaki na unyevu kidogo tu. Paka mafuta mepesi. Mafuta ya nazi yanafaa, na mafuta ya mise (ya kokwa za mchikichi) yanafaa pia kama harufu yake haikusumbui. Gawa kichwa mafungu manane hadi kumi na mawili. Chukua uzi mweusi, fungia kwenye shina la fungu bila kuvuta ngozi, kisha zungusha ukishuka hadi ncha. Nafasi kati ya mizunguko ikiwa ndogo, nywele zitanyooka zaidi. Ikiwa kubwa, zitabaki na mawimbi. Lala nazo. Asubuhi zifungue taratibu kuanzia nchani, uzibane nyuma au uzisokote mbili mbili. Ukivaa kitambaa cha kitenge juu yake, weka kwanza kitambaa cha satini ndani, kwa sababu pamba hufyonza mafuta na kukwaruza nywele za pembeni.

Hatua ya pili: rasta bila kupoteza nywele za mbele

Hapa nitakaa kwa muda, maana ndipo hasara nyingi zinapoanzia, na zinaanza mapema, kwa mabinti wadogo.

Nywele zikivutwa kwa muda mrefu mahali pamoja, ngozi inayozishika huvimba. Mwanzoni utaona vipele vidogo kwenye mstari wa paji la uso na juu ya masikio, vingine vina usaha kidogo. Baadaye nywele za pale zinakuwa nyembamba na fupi, halafu zinapungua. Ukiacha kuvuta katika hatua hiyo, huota tena. Ukiendelea miaka, mizizi hugeuka kovu, ngozi inang'aa na kuwa laini, na hapo hakuna mafuta ya sokoni yatakayoiamsha. Mtihani wake ni mwepesi: simama kwenye mwanga wa dirisha, rudisha nywele nyuma, angalia paji la uso. Ukiona utepe wa nywele fupi mbele kabisa, nyuma yake sehemu tupu, halafu nywele za kawaida, basi kuvutwa kumeshaanza kukugharimu.

Kabla ya kwenda kusukwa, loweka meshi, yaani nywele za bandia za kuongezea. Meshi nyingi za plastiki hupakwa dawa inayowasha ngozi. Ziweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye nusu kikombe cha siki kwa dakika ishirini hadi thelathini. Utaona utando mweupe ukielea juu. Suuza, kamua, anika zikauke kabisa. Wanaojikuna usiku kucha baada ya kusukwa, wengi wangepona kwa hatua hiyo tu.

Ukishakaa kwenye kiti, zungumza. Wasusi wetu wana mikono myepesi na wanajivunia kazi safi, lakini mazungumzo huwa yale yale:

"Yaya, legeza kidogo hapa mbele, inauma."

"Nikilegeza, wiki mbili tu zitakuwa zimechakaa, halafu utasema mimi sijui kazi."

Mjibu kwa heshima kwamba unakubali zichakae mapema, na kwamba ukirudi kabla ya wakati hutamlaumu. Mwambie aache nje vile vinywele vidogo vya mbele na vya kwenye shingo. Omba rasta zisizo na fundo kwenye shina, zile zinazoanza na nywele zako mwenyewe na meshi ikiongezwa kidogo kidogo. Zinachukua saa nyingi zaidi na bei yake iko juu, lakini uzito wake kwenye ngozi ni mdogo. Angalia pia uwiano: rasta nene na ndefu hadi kiunoni ikifungwa kwenye kifungu chembamba cha nywele italing'oa fungu lote. Msusi akimaliza kwa kuchovya ncha kwenye maji ya moto, inama mbele ya kiti na uweke taulo mgongoni, maana maji yale yamewaunguza wengi shingoni na mgongoni.

Ukiwa umesukwa na usiku huo unahitaji parasetamoli ili ulale, rasta hizo zimekaza mno. Usingoje "zizoee". Fungua mistari miwili ya mbele usiku huo huo. Najua umelipa na najua sherehe ni kesho. Fungua tu, funika mbele kwa kitambaa, na sherehe itapendeza.

Zikishakaa, osha ngozi ya kichwa kila baada ya wiki mbili kwa shampoo iliyochanganywa na maji ndani ya chupa yenye mdomo mwembamba. Mwezi wa Juni na Julai asubuhi za Lubumbashi ni za baridi kweli, kwa hiyo osha saa sita mchana ili jua lizikaushe hadi ndani. Rasta zinazobaki na maji hutoa harufu na kukaribisha ukungu.

Wiki sita zinatosha, nane ndiyo mwisho. Wakati wa kufumua, kata meshi chini ya pale nywele zako zinapoishia, fumua kwa mkono, na usimwage maji kabla ya kuondoa uchafu mweupe uliokusanyika kwenye shina, la sivyo nywele zitajifunga kama sufi. Utaona rundo la nywele mkononi na moyo utashtuka. Tulia: kila mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na kwa wiki sita zilikuwa zimenaswa ndani ya rasta hazina pa kuangukia. Cha kuogopesha ni zikitoka kwa mafungu kutoka sehemu moja. Baada ya hapo pumzisha kichwa walau wiki mbili, kisha rudi kwenye uzi wa hatua ya kwanza.

Kuhusu defrizan, dawa ya kunyoosha nywele, sina maneno mengi. Ni dawa kali inayounguza. Usijikune wala kuosha nywele siku mbili kabla, paka vaselini kwenye ngozi na masikio, ondoa mara tu inapoanza kuchoma, suuza kwa shampoo yake maalum, na usirudie kabla ya wiki nane. Usisukwe rasta wiki hiyo hiyo. Nywele zilizotoka kwenye defrizan hazina nguvu ya kubeba meshi. Na watoto wadogo waachwe kabisa.

Hatua ya tatu: ngozi wakati wa kiangazi

Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hazinyeshi, hewa inakauka, na vumbi jekundu linaingia hadi kabatini. Miguu inapauka, midomo inapasuka. Dawa yake ni nafuu: oga kwa maji ya uvuguvugu badala ya moto sana, tumia sabuni isiyo kali, na jipake mafuta ngozi ikiwa bado na maji, dakika chache tu baada ya kuoga. Vaselini ya kawaida, au gliserini iliyozimuliwa kwa maji, hufanya kazi sawa na chupa za bei kubwa. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, kwa hiyo jua huwa kali hata siku ambayo upepo ni wa baridi. Mwenye mabaka meusi usoni baada ya ujauzito achukue mwavuli na krimu ya kuzuia jua; bila hivyo kila dawa atakayopaka ni kazi bure.

Hatua ya nne: soma chupa kabla ya kujipaka

Kujichubua kumeenea, na wanaofanya hivyo ni dada zetu na mama zetu, hivyo sitawatukana. Wengi walianza kwa kutibu chunusi, wakaona uso unang'aa, wakaendelea. Lakini lazima ujue kilichomo.

Geuza chupa, tafuta orodha ya viungo, hata kama maandishi ni madogo kama mchanga. Ukiona jina hydroquinone, hiyo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Ikitumika muda mrefu inaweza kuleta mabaka ya bluu-nyeusi kwenye mashavu na kuzunguka macho, yale ambayo ni magumu sana kutoka hata kwa laser. Ukiona clobetasol au betamethasone, hizo ni dawa za hospitali, za familia ya kortizoni. Huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, huleta michirizi kwenye mapaja na mikono, chunusi na fangasi, na zikipakwa mwili mzima miaka mingi huingia damuni na kupandisha sukari na presha. Ukiona mercury, mercurio, calomel, mercuric au Hg, rudisha chupa dukani. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki uliopitishwa mwaka 2013, uliruhusu kiasi kidogo sana cha zebaki kwenye vipodozi, miligramu 1 kwa kilo. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuiondoa kabisa ifikapo 2025. Bado chupa zake zinauzwa.

Mbaya kuliko zote ni kopo lisilo na jina, lile mchanganyiko uliopikwa na muuzaji mwenyewe na kupimwa kwa kijiko. Hapo hakuna wa kukuambia unajipaka nini. Sindano na dripu za kung'arisha nazo ziache: juu ya dawa yenyewe, sindano isiyo safi hubeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Kama tayari unatumia, namna ya kuacha inategemea kilichomo. Krimu ya zebaki au ya hydroquinone iache leo. Krimu ya kortizoni uliyopaka muda mrefu usiiache ghafla peke yako, maana ngozi huwaka, huwasha na kutoa vipele, na wengi hurudi kwenye chupa kwa maumivu hayo. Peleka chupa yenyewe kwa daktari wa ngozi, katika kliniki za chuo kikuu au hospitali nyingine kubwa, ili akupunguzie hatua kwa hatua.

Tena, usifiche. Ngozi iliyokonda kwa kortizoni hushika uzi vibaya na kidonda chake huchelewa kufunga. Mkunga anayekutayarisha kwa upasuaji wa kujifungua anahitaji kujua. Na kama unafikiria upasuaji wa urembo, hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi.

Kuna pia vidonge vya kunenepesha na kuongeza makalio vinavyouzwa kwa rejareja, bila boksi. Vingi vina deksametasoni au siproheptadini. Ya kwanza ni kortizoni ile ile, safari hii unaimeza: uso unavimba, kinga inashuka, na ukiacha ghafla baada ya muda mrefu unaweza kuanguka, kwa sababu mwili umeshasahau kutengeneza homoni yake. Ya pili huongeza njaa na usingizi. Kilo zitakuja, lakini hakuna kidonge kinachojua kupeleka mafuta kwenye makalio tu.

Hatua ya tano: kama umefikia kutaka upasuaji

Kwanza tenganisha mahitaji. Keloidi ya sikio, kovu la moto, titi zito linaloumiza mgongo: hayo ni matibabu, na ongea na daktari bila aibu. Tumbo lililolegea baada ya kuzaa lipe muda, angalau miezi sita baada ya kujifungua na baada ya kuachisha mtoto, huku ukifanya mazoezi ya misuli ya tumbo. Na kama bado unataka watoto, subiri, maana ujauzito utaufumua upasuaji. Kunyonya mafuta si njia ya kupunguza unene. Hurekebisha umbo la mtu ambaye uzito wake umetulia.

Kisha jiulize nani anautaka mwili huo mpya. Kama jibu ni mwanaume, au picha ya simu iliyong'arishwa, ngoja mwaka.

Halafu tafuta karatasi. Nchini kwetu daktari huandikishwa kwenye baraza la madaktari, CNOM, na ana namba yake. Iombe, uithibitishe kwenye ofisi ya baraza ya mkoa. Namba hiyo inakuambia tu kwamba ni daktari. Uliza pia diploma ya fani: upasuaji wa plastiki, wa kurekebisha na wa urembo. Daktari wa upasuaji wa kawaida anaweza kuwa hodari wa ngiri na kidole tumbo na asiwe amejifunza kazi hii. Wengi kwetu huvuka Kasumbalesa kwenda Zambia, au hupanda ndege kwenda Afrika Kusini na India. Zambia daktari awe kwenye daftari la HPCZ, baraza la wataalamu wa afya la huko. Afrika Kusini daftari la baraza kama hilo, HPCSA, liko kwenye intaneti, andika jina utamwona na fani yake. India tafuta shahada ya MCh ya upasuaji wa plastiki.

Onana naye walau mara mbili kabla ya kulipa chochote. Uliza amefanya upasuaji huu mara ngapi, na umwombe picha za wagonjwa wenye ngozi nyeusi, za mwezi wa kwanza na za mwaka mmoja baadaye, kwa sababu kovu letu hubadilika polepole. Mwonyeshe makovu yako ya zamani: tundu la sikio, chanjo ya bega. Kama yalivimba kuwa keloidi, huenda kovu jipya likafanya hivyo pia, na daktari mzuri ataliongelea kabla hujauliza. Uliza nani atakulaza usingizi. Anatakiwa kuwa mtu mwingine, aliyesomea ganzi, na abaki chumbani muda wote. Uliza damu itatoka wapi ikihitajika, oksijeni ipo kiasi gani, na SNEL ikikata umeme katikati ya kazi, jenereta inawaka baada ya muda gani. Anayekasirika kwa swali la jenereta asikushike.

Vipimo visivyorukwa ni damu kamili, sukari, presha, ujauzito, na elektroforesi ya himoglobini, kipimo kinachoonyesha seli mundu. Hicho cha mwisho wengi hukisahau. Ugonjwa wa seli mundu uko katika familia nyingi za Kongo, na baridi, ukosefu wa maji mwilini au upungufu wa oksijeni wakati wa upasuaji huweza kuuamsha. Mwambie daktari pia kuhusu krimu zako, vidonge vya kunenepesha, dawa za kienyeji na vidonge vya uzazi, na sigara iachwe wiki nne kabla na baada.

Upasuaji wa kuhamishia mafuta kwenye makalio unahitaji onyo la peke yake. Mwaka 2018 jumuiya za wapasuaji wa plastiki za nchi kadhaa ziliungana kuonya kwamba umekuwa na kiwango cha vifo kikubwa kuliko upasuaji mwingine wa urembo. Sababu inajulikana: mafuta yakiingizwa ndani ya msuli huweza kupenya kwenye mshipa mkubwa, yakaenda moyoni na kwenye mapafu, na mtu akafa pale pale mezani. Mafuta yanatakiwa kubaki chini ya ngozi, juu ya msuli. Muulize daktari anahakikishaje hilo. Wenye makini hutazama ncha ya bomba kwa mashine ya ekografia (ultrasound) wakati wote wa kudunga. Silikoni ya maji inayodungwa nyumbani au hotelini ikatae hata ukipewa bure. Huhama, huozesha nyama, na haitoki yote.

Ondoka kabisa ukikutana na dalali anayepokea pesa kwa niaba ya daktari, au bei inayoshuka ukilipa leo, au mtu anayekuahidi upasuaji wa sehemu nne kwa siku moja.

Ukienda nje, hesabu tiketi, viza, kadi ya njano ya chanjo, nyumba ya wiki mbili hadi tatu, ndugu wa kukusindikiza, na akiba ya kurudi hospitali jambo likiharibika. Baada ya kunyonywa mafuta subiri siku tano hadi saba kabla ya ndege, na kama ni tumbo, saba hadi kumi au zaidi, kwa sababu ya damu kuganda miguuni. Kabla hujaondoka Lubumbashi, tafuta daktari wa hapa atakayekubali kukupokea ukirudi, na huko uendako uombe ripoti ya upasuaji kwa maandishi, ikiwezekana kwa Kifaransa.

Umerudi nyumbani kwenye parseli (kiwanja cha nyumba), wageni wanakuja na juisi. Mwombe mmoja wao akusaidie kutembea kila saa chache, na wote wazijue dalili hizi: kukosa pumzi au maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, homa, kidonda kinachotoa usaha au harufu, ngozi inayogeuka nyeusi, damu inayolowesha bandeji. Ikitokea hata moja, ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na daktari wa ng'ambo apigiwe mkiwa njiani.